Muhuri wa Sheha

Asalamu alaykum, sheha. Sikai kitako,
magoti hayataki, na maneno yangu si mengi.
Nimeleta fomu ya mpangaji wangu,
Haroub Makame, asili yake Kojani,
fundi wa mafriji, chumba cha uani.
Mwezi wa saba huu yuko Jang'ombe bila barua yako.
Bila barua hana kitambulisho,
na bila kitambulisho kila dirisha humuuliza yeye ni nani
kabla halijamuuliza ana shida gani.

Unaniambia: Bi Time, watu wanasema.
Nawajua wanaosema.
Mmoja kaandika kwa mkaa ukutani kwangu,
herufi tano, na zote kazipinda.
Nimezifuta kwa brashi ya choo.

Lakini neno lenyewe, sheha, si lao.
Nililijua kabla mama zao hawajaota meno.
Shoga alikuwa Riziki wa nyumba ya pili,
aliyeingia kwangu bila hodi,
akanisuka, akanigombeza, akala ukoko wa sufuria yangu.
Shoga'ngu, nikimwita,
na mchana mzima ukawa mwepesi.
Nani kalichukua neno lile akalipaka masizi?

Usinitake nimsifu Haroub ndiyo apewe haki yake.
Ningeweza kusema usiku sukari iliponishuka
nani alinibeba mgongoni. Silisemi.
Nitakwambia haya:
huacha mfereji wazi,
ana deni langu la umeme, elfu nane,
pweza akimpika hugeuka raba,
na timu yake ikifungwa hununa siku mbili.
Hata angekuwa mkorofi kuliko hivyo
bado ni mtu, na mtu hutaka mlango
unaofungwa kwa ndani.

Yule mwalimu anayekuja Ijumaa jioni?
Anakuja. Huvua viatu, hunisalimia,
huleta mkate wa ufuta umefungwa gazetini.
Hukaa uani wakibishana juu ya chumvi.
Mengine yao ni yao,
kama yako yalivyo yako kule Fuoni,
ambayo shehia nzima tunayajua na tunakusitiri.
Sitara ni guo moja, sheha.
Haikatwi, huyu akapewa shuka, yule akapewa uzi.

Unataja dini. Mimi naswali, na wewe unaswali,
na siku ya hesabu sitaulizwa kitabu cha Haroub,
nina changu, na kina madoa.
Hukumu si kazi ya mwenye nyumba.
Kazi yangu paa. Kazi yako muhuri.

Ngoja, nimalize.
Mwezi uliopita alinitengenezea feni ya chumbani.
Akaiona kanga juu ya msumari,
kipande kimoja, kimepauka hata maandishi hayasomeki.
Akauliza: Bibi, cha pili kiko wapi?

Miaka arubaini na mitatu, sheha.
Marehemu mume wangu alilala chini ya msumari ule
na hakuuliza. Wanangu hawakuuliza.
Cha pili alikwenda nacho Riziki
alipoozwa Mtambwe.
Tuliikata doti usiku jikoni, kisu kibutu,
yeye kashika pindo, mimi kashika pindo,
hatukusema kitu,
kwa kuwa hatukuwa na neno
ila lile moja, na wakati ule lilikuwa safi.

Nikamjibu: Kiko Pemba.
Akaniangalia kidogo. Akasema, Aa.
Akarudi kwenye feni yake,
akaipuliza vumbi taratibu, kama mtu
aliyeingia chumba chenye mgonjwa aliyelala.

Basi.
Unasema kidau kimekauka, nirudi Jumatatu.
Nilijua. Wino huu hapa,
nimeununua Darajani, risiti ninayo.
Fungua mtoto wa meza.